Mume wangu amerudi kutoka misheni, mbona kwangu hasemi kitu?

SWALI: Shikamoo afande. Mume wangu ni askari. Alikaa mwaka mzima Jamhuri ya Afrika ya Kati na kikosi cha kulinda amani, na sasa ana miezi mitatu nyumbani. Nikimuuliza kulikuwaje huko, jibu ni lile lile: "Kawaida tu." Wenzake wa kikosi wakimpigia, anatoka nje, anaongea saa nzima na kucheka mpaka anashika ukuta. Mimi niliyebaki na watoto nikimwombea kila usiku sistahili hata kisa kimoja? Au kuna jambo ananificha?
Mke wa askari

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa mwaka wa kulala na simu chini ya mto.

Mumeo simfahamu, lakini hiyo "kawaida tu" naifahamu sana. Nilikuwa Darfur, magharibi mwa Sudan, katika UNAMID, misheni ya pamoja ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika iliyofungwa mwishoni mwa 2020. Niliporudi, karibu kila mtu aliniuliza moja kati ya mawili: uliona watu wakiuawa, au umerudi na dola ngapi. Maswali hayo yanamfunga mtu mdomo. La kwanza linamtaka aanze na siku mbaya kuliko zote. La pili linaumiza kwa sababu watu hawajui hesabu yenyewe: Umoja wa Mataifa hulipa serikali kwa kila askari (mwaka 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi), na serikali ndiyo inayoamua askari wake apate kiasi gani. Posho ya askari ya kila siku kutoka Umoja wa Mataifa ni dola 1.28.

Nikupe mfano wa kisa ambacho sikuweza kumsimulia mtu nyumbani. Darfur tulikuwa na doria za kuni. Wanawake wa kambi za wakimbizi wa ndani walikuwa wakivamiwa na kubakwa wakienda kutafuta kuni, kwa hiyo tuliwasindikiza alfajiri, tukapanga magari, wao wakatawanyika kukata. Siku moja mama wa rika la mama yangu alimaliza kufunga mzigo wake kwa vitambaa vya nguo kuukuu, akaukanyaga kuupima fundo, kisha akanijia. Akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa kidole gumba kama anayetafuta sugu. Akasema maneno marefu, taratibu, akinitazama usoni. Mkalimani alikuwa kwenye gari la mbali. Mpaka leo sijui aliniambia nini.

Mtu wa nyumbani akisikia hayo husubiri risasi ilie. Hailii, naye anabadilisha mazungumzo. Lakini mwenzangu wa kikosi nikimtajia tu "kuni", anakumbuka tulivyowahesabu wakienda na kuwahesabu wakirudi, na tumbo linavyokaza hesabu isipotimia. Kwake sihitaji kueleza. Ndiyo maana mumeo anacheka na wale. Hajakuweka nyuma yao. Kwako hajui aanzie wapi.

Msaidie kwa maswali madogo. Alilala kwenye hema au kontena, na jirani yake alikuwa nani? Mvua zikichachamaa, gari likizama kwenye tope, walilitoaje? Amejifunza maneno gani ya Kisango, lugha ya huko? Muulize mkiwa na kazi mikononi, mnaosha vyombo au mnatembea, si mmekaa mnatazamana kama mahojiano. Akianza, usimkimbize kwenye hatari. Kama ipo, ataifikia mwenyewe. Na usimuulize kama ameua, wala usiruhusu watoto au wageni wamuulize. Yapo pia asiyoruhusiwa kusema: mipango ya operesheni, au raia waliowapa taarifa. Hapo akinyamaza, anatimiza kiapo chake.

Sasa nikuulize na wewe: yeye umemsimulia mwaka wako? Nawajua wake wa askari. Mtoto analazwa, baba akipiga simu anaambiwa wote wazima. Na yeye huko, milio imesikika jirani na kambi, anasema anaenda kulala. Mwaka mzima mmefichana ili kulindana, na mazoea hayo hayaishi siku ndege inapotua. Fungua wewe kwanza. Mwambie lile ulilolificha.

Kucheka kwake na wenzake kunanipa matumaini. Kinachonitia hofu ni mambo mengine: kuamka akipiga kelele, kushtuka mlango ukibamizwa, pombe kuongezeka, hasira zisizo na chanzo, kuwakwepa watoto. Yakidumu zaidi ya mwezi, hicho huenda ni kiwewe, nacho kinatibika. Akigusia kutaka kufa, usimwache peke yake na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Wengi wetu huogopa kwenda kwa daktari kwa hofu ya kuonwa dhaifu kikosini. Kwa hiyo mjue kwa jina yule rafiki anayempigia sana, uwe na namba yake. Ikifika siku mumeo anahitaji kusindikizwa, huyo atamkubali kwa urahisi kuliko mtu mwingine yeyote.