Uliza Kwanza Walikunywa Wapi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa historia aliniandikia. Alikuwa amesafiri safari ndefu pamoja na wanafunzi wake wa kidato cha tatu, wakalala Voi, na asubuhi wakaenda Salaita, kilima kile cha Vita vya Kwanza vya Dunia kilichoko kandokando ya barabara ya kwenda Taveta. "Tulipanda hadi kileleni," alisema. "Tukakuta vichaka, mawe na upepo. Watoto wakaniuliza vita vyenyewe vilikuwa wapi, nikakosa la kusema. Wewe ukienda kule huwa unaona nini?"

Mwalimu, nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu si wewe peke yako. Watu wengi hufunga safari, huchoma mafuta, hupanda Salaita, hupiga picha mbili tatu na kurudi wakinung'unika. Wengine huenda kwenye magofu ya Gede, kule pwani, na kusema wameona kuta bila paa. Nimezunguka sehemu hizi kwa miaka mingi, nimeongoza watu wa kila aina, na ushauri wangu ni huu: ukifika mahali palipokuwa na ngome au mji wa kale, usiulize kwanza nani alipigana au nani alijenga. Uliza walikunywa wapi. Mengine yote yatafuata.

Tuanze na hicho kilima chako. Mlipanda juu, na vita havikuwa juu.

Wajerumani waliitwaa Taveta tarehe 15 Agosti 1914, vita vikiwa havijamaliza hata mwezi. Wakasonga mbele kidogo wakaifanya Salaita kuwa kizuizi chao, kwa kuwa ni kilima kilichosimama peke yake katikati ya tambarare, na yeyote anayetoka Voi hawezi kukikwepa kirahisi. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza wakaja kukichukua, wakiwa na kikosi cha Waafrika Kusini waliokuwa wameingia nchini karibuni tu. Mizinga ikapiga kilele, ikapiga tena, vumbi likafunika kilima. Lakini mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka. Wale vijana walipokaribia wakidhani adui amekwisha, risasi ziliwatokea usawa wa magoti. Kisha askari wa upande wa Wajerumani wakatoka na singe. Kilichozuia maangamizi ni Wabaluchi wa Batalioni ya 130 kutoka India, waliosimama imara mpaka wenzao wakaondoka. Na hao ndio waliokuwa wakidharauliwa na baadhi ya Waafrika Kusini kwa rangi yao.

Basi ushauri wa kwanza: usipande. Zunguka chini. Tembea polepole ukitazama ardhi. Handaki la miaka mia na zaidi si shimo refu kama lile la sinema. Siku hizi ni mstari uliodidimia, pengine unafika gotini, umejaa udongo mwekundu na majani makavu. Ukingoni utaona mawe yaliyopangwa kwa mkono, kubwa chini, dogo juu, na katikati yake mti wa kikwata umeota na kuyasukuma kando. Chuchumaa humo. Nasema chuchumaa kweli, hata kama suruali itachafuka. Tazama upande wa mashariki, upande walikotokea washambuliaji, uone jinsi uwanda ulivyo wazi hadi macho yanapochoka. Nimewaweka humo watu wazima wenye vyeo vyao, na walipoinuka hawakuwa na haja ya maelezo yangu.

Sasa maji. Kutoka Voi hadi Mto Lumi, kule Taveta, ni nyika kavu. Wajerumani waliokaa Salaita walikuwa na Lumi na chemchemi za Taveta mgongoni mwao. Mwingereza hakuwa na kitu mbele yake. Kila alichokunywa kilitoka nyuma. Ndiyo maana akajenga reli kutoka Voi mwaka 1915, kipande kwa kipande, ikafika Maktau katikati ya mwaka huo, na maji yakavutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Ukilijua hilo, ramani nzima inafunguka. Kwa nini kuna mahandaki na makaburi ya askari wa Kihindi Maktau, mahali ambapo leo ukipita na matatu hupunguzi hata mwendo? Kwa sababu kwa miezi kadhaa reli iliishia hapo na maji yalifika hapo. Kwa nini doria za Wajerumani zilizotumwa kulipua reli kuu ya Mombasa na Nairobi mara nyingine zilikamatwa zikiwa taabani? Walilazimika kuvuka nyika hiyo hiyo kwa miguu, baruti begani, na maji ya kuhesabu.

Ukitoka Salaita nenda Latema na Reata, vilima viwili vilivyoacha mlango katikati, karibu na Taveta. Jenerali Smuts alipochukua uongozi wa jeshi la Waingereza aliizunguka Salaita kwa kaskazini badala ya kuigonga kifua, na Wajerumani wakaiacha. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi 1916 watu walipandishwa vilima hivyo gizani, batalioni ya tatu ya KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza) na Wabaluchi walewale wakiwa wa mwanzo. Kamanda wa KAR, Luteni Kanali Graham, aliuawa hapo. Kulipokucha Wajerumani walikuwa wameondoka, na Taveta pamoja na maji yake ikabaki mikononi mwa Waingereza. Hapa unaweza kupanda, mradi uwe na mtu wa kijiji na uondoke mapema kabla jua halijakolea.

Niseme jambo linaloniuma. Zamani nilipeleka mpango wa safari hizi kwa kampuni moja ya utalii pwani. Nilikuwa nimeuandika vizuri, na ramani nimechora mwenyewe. Bwana aliyekaa upande wa pili wa meza aliusoma ukurasa wa kwanza akanirudishia. Mgeni anataka simba na bahari, akasema, nani atalipa kuona mawe? Niliondoka pale na karatasi zangu. Mwezi uliopita niliongoza kundi la walimu kwenye njia hiyohiyo, ukurasa kwa ukurasa kama nilivyouandika, na kwenye makaburi ya Taveta mama mmoja mtu mzima alikaa chini akalia. Kwa hiyo kijana unayenisoma ukiwa na wazo lako la kutembeza watu kijijini kwenu, ukiambiwa hakuna atakayelipa, wewe endelea.

Makaburini hapo ndipo ninapowaomba wazazi na walimu wasiharakishe. Mawe yamepangwa safi, nyasi zimefyekwa, majina yamechongwa. Voi amelala Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alikuwa amejeruhiwa mguu, akakataa kubebwa, akaamuru aachwe na majeruhi wengine akitumaini uwepo wake utawakinga wasiuawe. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kufa. Mheshimu, amestahili. Halafu uwaulize watoto: waliobeba maji yake wako wapi?

Babu mzaa mama yangu aliondokewa na kaka yake katika vita hivyo. Kaka huyo alichukuliwa shambani akiwa na jembe mkononi, akapelekwa kubeba mizigo, hakurudi, na hakuna jiwe lenye jina lake popote. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa upande wao katika Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, malaria na uchovu kuliko kwa risasi. Mpagazi alibeba risasi, unga na maji ya askari, na mara nyingi yeye mwenyewe alilala na njaa. Mimi sitaki kumpeleka mtu Taveta aone mashujaa wa upande mmoja. Ukienda na watoto, wafundishe kutazama majina yaliyoandikwa na kutafuta yasiyoandikwa. Mzazi anayempeleka mwanawe likizo baharini kila mwaka, na hajawahi kumwonyesha alipopotelea babu yake, ajiulize anamrithisha nini.

Mambo ya safari nitayapitisha haraka. Voi mnafika kwa SGR, kisha matatu au gari la kukodi hadi Taveta, barabara ni ya lami. Tembo huvuka maeneo hayo kwa kuwa mko katikati ya mbuga za Tsavo, kwa hiyo msitawanyike vichakani bila mwenyeji. Ganda la risasi ukilikuta liache lilipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 inalinda vitu vya historia, na chuma chochote usichokijua usikiguse kabisa. Maji bebeni mengi. Na mlipeni mwenyeji wenu vizuri. Usimpe soda ukadhani umemaliza.

Kama una siku zaidi, teremka pwani uende Gede. Watu hunishangaa ninapounganisha mahandaki ya 1916 na mji wa zama za kati, lakini ukishazoea kufuata maji utaona ni somo moja.

Gede iko ndani ya msitu karibu na Watamu, kilomita kadhaa kutoka baharini, na Wareno waliokaa Malindi kwa miaka hawakuuandika popote. Kuna ukuta wa nje uliozunguka kama ekari 45, na ukuta mwingine wa ndani uliokinga msikiti mkuu, kasri na nyumba za wakubwa. Karibu na lango kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua hapo mwaka 1948, na nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya pesa za Kichina. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia. Nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyepata mjukuu.

Wageni wengi hukimbilia kasri, kisha huwapigia picha kima. Wewe anza na visima. Kimoja kiko kando ya Msikiti Mkuu. Inama ukingoni, ushike jiwe la matumbawe, utazame chini. Halafu fuata maji yalivyotembea: kutoka kisimani hadi birika la kutawadhia, na nyumbani hadi vyoo na mahali pa kuogea, vilivyojengwa ndani ya nyumba kwa chokaa karne nyingi kabla ya mabomba ya mkoloni. Mwambie mtoto aguse sakafu ya mahali pa kuogea. Aguse, ajue kwamba watu wa pwani hii waliishi kwa usafi na mpango, na mji huu haukuletwa na meli ya mtu.

Kwa nini watu waliuhama kufikia karne ya 17? Wataalamu wanataja vita, mashambulizi ya Waoromo (zamani wakiitwa Wagala) kutoka kaskazini, biashara kubadilika. Lakini maelezo mengine ni maji: kwamba yaliteremka ardhini, na kile kisima cha msikitini kikachimbwa zaidi kuyafuata. Mimi hukaa na kundi langu hapo kisimani kabla sijasema neno lolote juu ya masultani. Ukuta unaweza kumzuia adui mwaka mzima, lakini kisima kikikauka lango mtalifungua wenyewe. Waulize Waingereza wa Maktau kama bomba lingekatika wiki moja.

Walimu wenzangu, nawasihi: acheni kuwapeleka watoto magofuni wakaandike tarehe daftarini na kurudi. Wapeni swali moja kabla ya kushuka kwenye basi, wakalitafute kwa miguu yao. Wapeni muda. Wakae, wachuchumae, waguse ukuta, wamsikilize mzee wa hapo bila kumkatiza. Nimeona watoto waliodaiwa kuwa wazito wa historia wakibishana barabara nzima ya kurudi kuhusu njia ya bomba.

Mkitoka Gede mkielekea Mombasa, simameni Mnarani, Kilifi, juu ya genge linaloangalia mkono wa bahari. Kuna misikiti, kuna kaburi la mnara, na kuna kisima kirefu. Maji ya chumvi yako pale chini, mnayaona kabisa, na bado walichimba mwambani hadi wakapata ya kunywa. Fikeni kabla ya saa kumi alasiri, mwenye kutunza mahali awe na nafasi ya kuwazungusha.