Krediti za ardhioevu: usianzie benki

Ndugu, umeuliza kama unaweza kufukia kipande cha ardhioevu kiwanjani kwako huko Marekani, kisha ununue krediti (vipimo vya fidia) kwenye benki ya ardhioevu, yaani mradi unaorejesha au kulinda ardhioevu kwingine na kuuza krediti hizo, yaishe. Polepole. Kwa Kifungu cha 404 cha Sheria ya Maji Safi, kwanza uoneshe umekwepa madhara, kisha umeyapunguza. Yanayobaki ndiyo hufidiwa.

Usimwage hata lori moja la kifusi kabla ya kibali. Mlete mtaalamu apime mpaka wa ardhioevu. Niliwahi kusimama na mmoja mahali pakavu kabisa kwa macho. Akachimba shimo fupi, udongo ukatoka wa kijivu wenye madoa ya kutu, dalili ya udongo unaoloa maji kwa muda mrefu. Ardhioevu hiyo.

Halafu tafuta benki inayohudumia bonde lenu la mto, na uiulize kwa maandishi kama ina krediti za aina unayohitaji, zilizokwisha kuidhinishwa kuuzwa. Ukishanunua, jukumu la kufanikisha fidia huhamia kwao. Ukifidia mwenyewe, mzigo ni wako kwa miaka.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2023, katika kesi ya Sackett, ilipunguza ardhioevu zinazolindwa na serikali kuu, ila baadhi ya majimbo yana sheria zake. Hapo muone mwanasheria wa mazingira kabla hujasaini chochote.