Kitengela Glass na mbuga siku moja? Inawezekana
Dada umeuliza kama unaweza kupeleka watoto Nairobi National Park na Kitengela Glass, ile karakana ya sanaa za vioo, siku moja, ndio inawezekana ila anza na mbuga saa kumi na mbili asubuhi, jua likishawaka simba wanajilalia kwenye nyasi na utabaki kuwaonyesha pundamilia tu. Ndovu usiwaahidi kabisa, hawako mle. Mkikosa simba piteni pale kwa wanyama yatima, geti la Lang'ata.

Halafu Kitengela, ile msanii Nani Croze alianzisha 1979, masanamu ya vioo chakavu kila kona, hadi viti vimebandikwa vipande vya rangi. Wetu walisimama karibu nusu saa wakiangalia fundi akipuliza kioo cha moto, kinavutika kama asali kwenye ncha ya bomba, sijawahi kuwaona wametulia hivyo hata mbele ya katuni. Sasa lile daraja la kuning'inia juu ya bonde la Mbagathi linayumba weee, mdogo alivuka akiimba, baba yao ndio alirudi ati amesahau simu kwa gari 😂 Wavalishe viatu vya kufunika vidole, na barabara ya mwisho ni vumbi na mawe, gari ya chini sana itawasumbua.