Kipanya kimegoma kutoka kwa mgeni

Mnaoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine mmeniletea maswali yanayofanana kama mapacha. Nimechagua matano. Kompyuta yenyewe nitaiita mwenyeji, na mashine pepe iliyomo ndani yake, yaani kompyuta inayoigizwa na programu kama VirtualBox, Hyper-V au VMware, nitaiita mgeni.

Ssebo, nimeweka mfumo wa Ubuntu kwenye VirtualBox juu ya Windows. Nikibofya ndani, kipanya hakitoki tena, mpaka nizime laptopu kwa nguvu. (Mwanafunzi, Wandegeya)

Pole, ila usiizime hivyo tena, utaharibu faili. Bonyeza Ctrl ya kulia mara moja, kisha iachie. Hicho ndicho kitufe cha mwenyeji, na jina lake limeandikwa pembeni chini kulia mwa dirisha la mgeni. Kwenye Mac ni Command ya kushoto. Ningekuwa nafundisha darasa, ningeanza na kitufe hiki kabla hata ya kuwasha mashine yoyote: jua mlango wa kutokea kwanza.

Kitufe hicho ukikishikilia pamoja na F, mgeni anajaza skrini nzima. Ukirudia, anarudi dirishani. Pamoja na Home, menyu iliyojificha inatokea. Pamoja na Del, mgeni anapokea Ctrl+Alt+Del. Usijaribu kubonyeza vitatu hivyo moja kwa moja, maana Windows ya mwenyeji itavidaka kwanza. Weka pia Guest Additions, programu-saidizi ya VirtualBox, ndani ya Ubuntu, na kipanya kitaingia na kutoka bila kuombwa.

Laptopu yangu mpya haina Ctrl ya kulia. Mahali pake pana kitufe cha Copilot, yule msaidizi wa AI wa Microsoft. (Arua)

Hili limeanza kuonekana tangu 2024, na mimi halinifurahishi. Kwenye VirtualBox fungua File, Preferences, kisha Input, utafute Host Key Combination na uweke kitufe kingine. Alt ya kulia inafaa. Lakini kwa kuwa uko Arua nakuonya: kama kibodi yako ni ya Kifaransa, zile zinazovuka kutoka Kongo, Alt ya kulia ndiyo inayokuandikia @. Hapo chagua kitufe usichokigusa, kwa mfano Pause.

Alt+Tab inazunguka ndani ya mgeni tu. Nataka kurudi kwenye Word. (Jinja)

Kibodi imekamatwa na mgeni. Gusa kwanza kitufe cha mwenyeji, halafu Alt+Tab. Ukichoka na hatua mbili, ondoa alama kwenye Auto Capture Keyboard, palepale kwenye Input.

Tunatumia Hyper-V ofisini. Niliambiwa Ctrl+Alt+mshale wa kushoto huachia kipanya. Nilipobonyeza, skrini yote ililala ubavu! (Kampala)

Hujaharibu kitu. Bonyeza Ctrl+Alt+mshale wa juu, itasimama wima. Hyper-V kweli hutumia vitufe hivyo, ila madereva ya zamani ya picha ya Intel (programu zinazoendesha skrini) nayo yalivitumia kugeuza skrini, na kompyuta nyingi za mtumba bado zinayo. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya Intel uzime vitufe vya mkato. (Mimi siku ya kwanza nilisoma barua pepe nimeinamisha shingo.) Kumpelekea mgeni Ctrl+Alt+Del, hapo ni Ctrl+Alt+End. Waliohamia VMware wao hubonyeza Ctrl+Alt+Insert, na hutoka kwa Ctrl+Alt peke yake. Hukohuko VMware, wenye mashine kadhaa kwenye skrini nzima huhama kwa Ctrl+Alt na mshale wa kulia au kushoto.

Umeme ukikatika UPS yangu inanipa dakika chache tu. Nina mashine mbili za VirtualBox kwenye kompyuta ya mezani. Je, kuzisimamisha kwa P kunatosha? (Mbale)

Hapana. Kitufe cha mwenyeji na P husimamisha tu. Kazi bado iko kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na UPS ikizima imekwenda nayo. Tumia kitufe cha mwenyeji na Q, chagua Save the machine state, kisha Enter. Usiguse Power off, hiyo ni sawa na kung'oa waya. Mgeni mwenye RAM ya 4 GB ataandikwa kwenye diski, na diski ya kuzunguka huchukua muda wake, kwa hiyo anza na yule mwenye kazi ambayo hujaihifadhi. Ukiwasha tena, utaikuta programu imefunguka pale ulipoiachia.