Kipokezi kumezwa si kunyamaza

Mkuu, umeuliza kama kipokezi cha protini ya ukuaji, yaani protini iliyopenya utando wa seli ili kunasa ujumbe wa nje, kikishavutwa ndani ya seli kwa kifuko cha utando ndiyo tayari kimezimwa. Hapana. Nami nilikuwa nafundisha hivyo hivyo kidato cha sita hapa Masasi, miaka kadhaa, mpaka kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona mkia wake bado uko nje ya kifuko?" Siku ile sikuwa na jibu. Jioni nilikaa nikachora upya.

Chukua EGF, protini ya ukuaji aliyoigundua Stanley Cohen kwenye tezi za mate za panya, akapata Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Ikinasa kwenye kipokezi chake, vipokezi viwili huungana na mikia yao iliyo upande wa ndani hubandikwa fosfeti. Ujumbe wa kugawanyika unaanza safari. Protini iitwayo Cbl nayo hufuata mkia huohuo na kuutia alama ya yubikwitini, protini ndogo. Utando unabonyea, mara nyingi ukishikwa na wavu wa protini iitwayo klathrini, protini nyingine, dainamini, inakata shingo, kifuko kinaingia.

Sasa shika bibo mkononi. Korosho yenyewe iko nje, inaning'inia. Kifuko nacho kiko hivyo: EGF imefungiwa ndani, mkia unaning'inia kwenye saitoplazimu, ute wa ndani ya seli, na bado unatuma ujumbe.

Kwenye endosomu, kituo ambako vifuko hivi hufikia, ndiko vipokezi vinakochambuliwa. Kipokezi cha transferini, protini inayobeba madini ya chuma kuingia kwenye seli, hurudishwa juu kikafanye kazi tena. Hata kipokezi cha EGF, kikiwa kimeshikwa na TGF-alfa, protini nyingine ya ukuaji, asidi ya endosomu huwaachanisha na vingi hurudi juu. EGF haiachii kirahisi, kwa hiyo alama inabaki mkiani. Protini za ESCRT huitambua, kisha utando wa endosomu unabonyea kwa ndani na kukatika, kifuko kidogo kinadondokea humo kikiwa na kipokezi chote, mkia na kila kitu. Hapo ndipo ujumbe unapokatika, kabla kimeng'enya chochote hakijauma. Laisosomu, kifuko chenye vimeng'enya, huja baadaye kusaga.

Ndugu wa kipokezi cha EGF, kipokezi kiitwacho HER2, havutwi ndani kwa urahisi, na kwenye baadhi ya saratani za matiti hujaa juu ya seli kupita kiasi.

Siku hizi mkia nauchora kwa chaki nyekundu, na darasa zima tunaufuata mpaka unapoingia.