Fundi Anajibu: Prado, Land Cruiser au Pajero ya Dizeli kwa Matumizi ya Nyumbani

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu, naishi Tanga mjini na mke wangu na watoto wetu watatu. Kila asubuhi nawapeleka watoto shule, namshusha mama yao kazini, kisha naenda kwangu, na mzunguko wote hauzidi kilomita 6. Lakini kila shule zikifungwa, na kila panapotokea harusi au msiba, tunapanda Mlalo, wilayani Lushoto, kwa wazee, na masika yakianza gari letu dogo hukwama tukabaki tunasukuma kwenye tope, watoto wakiwa ndani. Nimejikusanyia shilingi milioni 30. Dalali amenionyesha magari matatu ya dizeli yaliyokwisha kutumika hapa nchini: Prado 95 ya mwaka 1999, Land Cruiser 80 yenye injini ya 1HZ, na Pajero ya 3.2 ambayo ndiyo changa kuliko yote. Kila ninayemwomba ushauri ananisifia gari lake. Nichukue lipi?
Baba wa watatu, Tanga

JIBU: Mwalimu, yoyote kati ya hayo matatu linaweza kukufikisha Mlalo, na yoyote linaweza kukulaza Soni, katikati ya mlima, usiku na watoto. Tofauti utaikuta kwenye maji ya injini, kwa maana ya namna mwenye gari wa kwanza, wa pili na wa tatu walivyoulinda mfumo wa kupoza. Injini ya dizeli yenye umri wa miaka 20 na zaidi, inayoishi kwenye joto la pwani na kupandishwa Usambara ikiwa na watu watano na magunia ya viazi, husamehe uchafu wa chujio na hata bushi zilizokwisha, lakini kuchemka haisamehi.

Nianze na hiyo Prado. Fungua boneti utafute kibao cha utambulisho wa gari, usome herufi zilizotangulia namba 95. Ukikuta KZJ, injini yake ni 1KZ-TE. Ukikuta KDJ, ni 1KD-FTV, ambayo kwa Prado za Japani ilianza kufungwa mwaka 2000. Zote zina cc 2,982, na watu huzichanganya, lakini tabia zao hazifanani. Kwa gari la 1999 ninatarajia KZJ, na ukikuta kibao kinasema hivyo huku injini iliyomo ni nyingine, uliza kwa nini kabla hujauliza bei.

Bloki ya 1KZ-TE ni ya chuma na silinda hedi yake, yaani kifuniko kinachokaa juu ya silinda, ni ya alumini. Metali hizo mbili hazitanuki kwa kiasi kimoja, kwa hiyo injini ikizidiwa na joto hata mara moja, hedi inaweza kupinda au kupasuka, na ufa ukishaanza gesi ya moto hupenya kwenye maji, maji hutafuta pa kutokea, na aliyeko nyuma ya usukani hajui lolote. Hajui kwa sababu mshale wa joto katika Toyota nyingi za wakati ule umetengenezwa utulie katikati hata joto linapopanda kwa nyuzi kadhaa. Ukiuona umeanza kusogea juu, hatari imekwisha kuingia ndani.

Kwa hiyo mwambie dalali kwamba utakwenda kuliona gari saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba hutaki liwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina vuguvugu, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta taratibu. Maji yenye rangi ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ya kijani au nyekundu, yaliyojaa hadi mdomoni, ni dalili njema. Maji ya rangi ya kutu, au yenye utando wa mafuta, au chembe zinazong'aa za ile dawa ya kuziba rejeta inayouzwa kwenye vikopo, ni historia nzima ya gari uliyoandikiwa bila wino. Funga kifuniko, washa injini, na papo hapo shika bomba kubwa la juu la rejeta. Katika dakika ya kwanza linapaswa kubaki laini, kwa sababu maji bado hayajapata moto wa kuleta presha. Likikakamaa kama mpira uliojazwa upepo huku bado ni baridi mkononi, gesi ya silinda imeingia kwenye maji, na hapo hakuna bei nzuri. Muage dalali kwa heshima.

Nasisitiza injini iwe baridi kwa sababu niliwahi kununua gari la dizeli jioni, mwenye nalo akisema ndiyo kwanza ametoka safari. Liliwaka kwa mguso mmoja, halikutoa moshi, nikalipa. Siku ya nne, nikiwa na mama mzazi pembeni, lilianza kutema maji tukiwa katikati ya mlima, na fundi alipofungua hedi alikuta ufa wa zamani uliowahi kuchomelewa. Jioni ile muuzaji hakunidanganya kwa neno hata moja. Mimi ndiye niliyekubali kulipima gari la moto. Mama alikaa juu ya jiwe kando ya barabara kwa saa tatu, na hadi leo ninapokwenda kukagua gari la mtu mwenye watoto nalikumbuka lile jiwe.

Kuna jambo jingine la 1KZ-TE ambalo wengi hulifanya kwa nia njema: kutoa themostati, kilango kinachoongoza maji kulingana na joto, "ili gari lisichemke". Themostati hiyo ina sahani mbili. Injini ikiwa baridi, moja huziba njia ya kwenda kwenye rejeta huku maji yakizunguka kwa njia ya mkato. Injini ikipata moto, njia ya rejeta hufunguka na sahani ya pili huifunga ile ya mkato. Ukiitoa yote, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Matokeo yake mjini injini hukaa baridi mno na kula mafuta, na mlimani ndipo inapochemka. Muulize muuzaji kama themostati imo, kisha mwombe fundi wako aifungue aone kwa macho.

Baada ya maji ndipo uangalie mengine. Injini ikiwa inanguruma, legeza kifuniko cha oili na kukiacha juu ya tundu: kikitikisika kidogo si tatizo, kikirushwa na moshi ukifuka kama jiko la kuni, ringi za pistoni zimechoka. Mkanda wa taimingi, unaoendesha vali zifunguke kwa wakati wake, hubadilishwa kila kilomita 100,000 katika Prado hizi za KZJ za Japani, na taa iliyoandikwa T-BELT huwaka kukumbusha, lakini taa huweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, kwa hiyo pasipo na risiti hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Na kwa kuwa uko Tanga, lala chini uguse chasisi kwa bisibisi, hasa upande wa nyuma na kwenye viungio vya springi. Chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya, na rangi nyeusi mbichi iliyopakwa jana huficha mengi.

Land Cruiser 80 yenye 1HZ ni gari ninalolipenda kwa moyo wangu wote. Silinda sita, cc 4,164, haina tabo (feni ya kuisukumia injini hewa), pampu yake ya dizeli si ya kompyuta, na mafundi wanaoijua hukosi hata ukiwa mbali na mji. Lakini wewe unaendesha kilomita 6 kwa siku mjini. Gari lile ni zito, hunywa mafuta mengi, na huhitaji nafasi ya kugeuzia ambayo sidhani unaipata mbele ya lango la shule. Ungekuwa unakaa Mlalo na kushuka Tanga mara moja moja, ningekujibu kinyume.

Pajero ya 3.2 ni tulivu barabarani na ina nguvu. Sikiliza mlio wa mnyororo wa taimingi pale inapowaka asubuhi, kwa sababu wakati mwingine hulegea, na ukiwa umelegea utausikia ukikwaruza mbele ya injini. Kabla ya kuvutiwa na uchanga wake, nenda kwa fundi wako umuulize amefungua ngapi za aina hiyo, kisha pita madukani Tanga mjini uulizie bei ya nozeli (za kupuliza dizeli kwenye silinda) na pampu. Fundi akisita na spea ziwe za kuagizwa Dar es Salaam, uchanga huo hautakusaidia.

Kwa hiyo jibu langu ni Prado, kwa sharti kwamba imepita mtihani wa maji. Huvuta magurudumu yote manne muda wote, na ina loki ya difu ya kati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo; ukiifunga kwa loki yanazunguka pamoja, na hiyo ni kwa ajili ya tope. Jaribu loki hiyo kabla ya kulipa, kwenye udongo na si kwenye lami, uone taa yake ikiwaka na kuzimika. Hesabu mikanda ya usalama, kila kiti na mkanda wake, na uhakikishe taa ya mifuko ya hewa inawaka unapozungusha ufunguo kisha inazimika yenyewe. Isiyowaka kabisa huenda balbu yake imetolewa. Kisha omba mzunguko mrefu, na ukiweza panda nalo kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za mlima, kwa gia ya chini na bila kulikimbiza, halafu usimame na kukagua maji tena asubuhi ya pili likiwa limepoa.

Usitumie milioni zote 30 kununulia. Tenga angalau moja ya tano kwa ajili ya mkanda wa taimingi, kulanti mpya, themostati, rejeta kuoshwa au kubadilishwa, mabomba ya maji, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote, na matairi. Ongeza kifaa kidogo cha kupima joto la hedi chenye kengele. Ni rahisi mno kikilinganishwa na hedi. Kadi ya gari ilinganishwe na namba ya chasisi, umiliki uhamishwe TRA kwa jina lako mara moja, na madeni ya faini za barabarani yakaguliwe kabla fedha haijatoka mkononi.

Jambo la mwisho, Mwalimu. Kilomita 6 kwa siku hazitoshi kuipasha joto injini ya dizeli, na unyevu hubaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Mara moja kwa wiki itoe kwenye barabara ya Segera kwa nusu saa hadi saa moja, na oili uibadilishe mapema kuliko kilomita zinavyodai.

SWALI: Fundi, mume wangu anataka kununua Land Cruiser "mkonga" iliyokuwa ya mradi, yenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Watoto wana miaka 4, 7 na 11. Anasema gari hilo halifi. Nina wasiwasi, lakini sijui kama wasiwasi wangu una msingi.
Mama Morogoro

JIBU: Mama, msingi upo, na ni mkubwa. Gari halifi, ni kweli, lakini mtoto aliyekaa kwa ubavu kwenye benchi hana kinachomkinga gari likifunga breki ghafla: mwili wake hutupwa upande, na hata pale palipofungwa mkanda wa kiunoni, shingo na kiwiliwili havijashikwa. Kiti cha mtoto wa miaka 4 hakifungiki hapo ipasavyo. Mzee asinielewe vibaya, injini yake ni nzuri na ningeitafuta vilevile, ila ndani ya gari lenye viti vinavyotazama mbele na milango ya nyuma, mfano Land Cruiser 76 au 105.

Mwambie pia kwamba mkonga mara nyingi hauna difu ya kati. Ukiweka 4WD, yaani kuvuta magurudumu yote manne, kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayawezi kupishana mwendo kwenye kona, gari hukaza, na mzigo huo huangukia giaboksi ndogo na shafti. Lami ni ya magurudumu mawili. 4WD iwekwe kwenye tope, mchanga na changarawe.

SWALI: Nimepata Prado ya mwaka 2016 ya dizeli, injini ya 2.8, kutoka Japani. Naishi Mbagala, nafanya kazi Posta, foleni asubuhi na jioni, na sisafiri mikoani. Je, inafaa?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kwa maisha hayo, hapana. Injini hiyo, 1GD-FTV, ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto kali, na joto hilo hupatikana gari linapokimbia bila kusimama kwa muda. Kwenye foleni usafishaji huanza ukakatika, masizi hujazana, taa huwaka, na nguvu hupungua. Prado hizo za Japani pia hutumia maji ya AdBlue, ya kusafishia moshi wa ekzosi, ambayo ni lazima ujue utayanunua wapi kabla hujalileta gari. Ikiwa unaitaka Prado kwa sababu ya nafasi na urefu wake, tafuta ya petroli ya 2.7 ya mwaka huohuo. Itakula mafuta zaidi, lakini foleni za Mbagala haziwezi kuiziba.