Ukuta Umesimama, Ufuo Umekwenda

SWALI: Miaka minne iliyopita tulijenga ukuta wima wa zege ili bahari isikimege kiwanja chetu. Ukuta haujapasuka, lakini mchanga uliokuwa mbele yake umekwisha, na ardhi ya jirani iliyopakana na ncha yake imeanza kuliwa. Je, tuuongeze urefu?

JIBU: Msiuongeze, kwa sababu kasoro iko mguuni mwa ukuta. Mawimbi yanayofika kwa mshazari huusukuma mchanga kandokando ya pwani bila kukoma, na ufuo hudumu pale tu mchanga unaoingia unapotosheleza ule unaotoka. Kiwanja chenu, kilipokuwa kikimegeka, kilikuwa kikiulisha ufuo wenu na wa jirani, na ukuta umekata riziki hiyo. Isitoshe, mteremko wa mchanga humeza nguvu ya wimbi, ilhali ukuta wima huirudisha, na wimbi linaporudi huchimba chini yake. Kwenye ncha, maji hujipinda na kuishambulia ardhi isiyo na kinga. Jirani yenu ana haki ya kulalamika.

Chanzo kingine huenda kiko mbali. Bwawa Kuu la Aswan nchini Misri lilipokamilika mwaka 1970, mashapo ya mto Nile, yaani mchanga na tope linalobebwa na maji, yalinaswa nyuma yake, na pwani ya delta, hasa kwenye mlango wa Rosetta, tawi mojawapo la mto huo, ikaliwa kwa kasi. Kwa hiyo chunguzeni kama mchanga unachotwa mtoni au ufuoni, na kama mikoko imekatwa.

Kwa sasa, maji yakipwa wakati wa bamvua, chimbeni mguuni mwa ukuta muone msingi umebakiwa na kina gani. Ukiwa umekaribia kufichuka, pangeni mawe makubwa kwa mteremko juu ya kitambaa cha kuchuja, mkielewa kwamba mawe hayo yataokoa ukuta tu, hayatarudisha ufuo. Kurudisha ufuo kunahitaji mchanga: mwaka 2011 Uholanzi ilimwaga takriban mita za ujazo milioni 21.5 mahali pamoja ili mawimbi na upepo viusambaze pwani. Kwa kiwanja kimoja, mchanga wa kumwagwa utahama upesi. Kama nafasi ipo, ningechagua kuihamishia kinga nyuma, mbali zaidi na maji, pamoja na jirani, kwa mpango mmoja uliokaguliwa na mhandisi wa pwani.